Kuzama si Kuzamia

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kitenzi "zama" kikitiwa kiambishi kidogo -i- huwa "zamia", nayo maana hugeuka. Azamaye humezwa na maji pasipo hiari yake. Azamiaye hushuka kwa kusudi, akifuata kitu, kama walivyofanya wazamia lulu wa Ghuba kwa karne nyingi. Tofauti hiyo ilinijia akilini niliposoma habari za mgodi mmoja wa Marekani ambao watu huuzamia kwa hiari yao.

Katika jimbo la Missouri, kusini mwa St. Louis, upo mji mdogo uitwao Bonne Terre, jina la Kifaransa lenye maana ya ardhi njema. Wema wa ardhi hiyo ulikuwa chini yake, nao ni risasi. Si ile ya bunduki, bali madini yenyewe. Kampuni ya St. Joseph Lead ilianza kazi hapo mwaka 1864, na kwa karibu miaka mia moja wachimbaji walikata mwamba wakiacha nguzo nene za mawe zibebe dari. Mgodi ulipofungwa mwaka 1962, pampu zilizokuwa zikiondoa maji zilizimwa. Maji ya ardhini yakapanda, yakafunika matoroli, ngazi na zana zilizoachwa. Tangu miaka ya 1980, wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa mgongoni hulipa ili wateremke kuviona vitu hivyo, katika maji ya nyuzijoto 14 hivi, kiangazi na kipupwe.

Huenda msomaji akadhani kwamba huo ni wazimu wa watu wenye fedha za kuchezea. Hatari ni ya kweli. Baharini, mpiga mbizi aliyeshikwa na hofu aweza kupanda akaibuka popote. Mgodini, juu yake mna dari ya mwamba. Hana budi kurudi kwa njia ile ile aliyoingilia. Aidha, akipiga mapezi yake ovyo, tope laini la sakafuni hutimka, naye asione hata kiganja chake.

Kwa hiyo wanaozamia mahali penye dari wamejiwekea miiko. Hufuata kamba itakayowaongoza kurudi. Huigawa hewa yao mafungu matatu: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya akiba kwa ajili ya dharura, yake au ya mwenzake. Huko Bonne Terre mgeni haachwi ajiendee. Hufuatana na kiongozi, tena huanzishwa katika njia nyepesi kabla ya kuruhusiwa kuzifuata zile ngumu. Mwalimu yeyote ataitambua mbinu hiyo, kwani ndiyo anayoitumia darasani kila siku.

Sasa tujitazame sisi. Viungani mwa Nairobi na kwingineko nchini yamezagaa matimbo yaliyotoa mawe ya kujengea nyumba zetu, kisha yakaachwa wazi. Mvua ikinyesha hujaa maji. Si mara moja wala mbili tumesoma habari za watoto waliokwenda kuogelea humo wasirudi. Hawakuwa na kamba, wala kiongozi, wala mtu wa kuwaambia kwamba ukingo wa timbo ni kama ukuta: hatua moja maji ya magoti, ya pili hakuna pa kukanyaga. Watoto hao hawakuzamia, walizama.

Si kwamba dawa haijulikani. Huko Bamburi, Mombasa, Dkt. Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika timbo lililochimbwa mawe ya saruji, na jangwa lile likageuka msitu na bustani ambayo baadaye ilipewa jina lake. Isitoshe, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka ardhi iliyochimbwa irejeshwe katika hali inayofaa. Sheria tunayo na mfano tunao. Ambacho hatujawa nacho ni ukali wa kuwadai waliochimba watimize wajibu wao.

Wakati tukiwadai, shule zisikae kitako. Kumwambia mtoto "usiende timboni" hakutoshi, maana jua likiwaka atakwenda. Afundishwe kuogelea palipo na uwezo huo. Afundishwe pia kwamba mwenzake akizama asijitose nyuma yake, bali amrushie kamba au tawi na kupiga ukemi. Naye mwalimu mkuu, kabla mvua hazijaanza, aulize maswali matatu: timbo lililo karibu na shule yangu liko wapi, mwenyewe ni nani, na ua wake uko wapi? Akikosa jibu la swali la tatu, amfuate huyo aliyemtaja katika la pili.