Sumaku Isiyolala: Swichi Ndogo Ndani ya Mashine ya MRI

Mgonjwa wa Kinampanda, wilayani Iramba, aliyepewa rufaa ya kipimo cha MRI huenda akasafiri hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Barua yake huandikwa kabla hajapanda basi, na wako wanaodhani kwamba umeme ukikatika huko aendako, mashine nayo imezimika. Sivyo.

Katika mashine nyingi kubwa, sumaku ni koili ya waya wa niobiamu na titaniamu uliozamishwa katika heliamu ya kimiminika, yenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo waya hupoteza ukinzani wote. Ncha mbili za koili huunganishwa kwa kipande cha waya wa namna hiyohiyo, kilichozungushiwa hita ndogo. Hiyo ndiyo swichi. Fundi akiwasha hita, kipande hupata joto kidogo na ukinzani wake hurudi, hivyo mkondo unaotoka nje huingia kwenye koili taratibu. Ukifikia kiwango kinachotakiwa, hita huzimwa, kipande hupoa na mzunguko hujifunga. Chanzo cha umeme huondolewa, nao mkondo huendelea kuzunguka kwa miaka. Ajabu yake ni kwamba hita huzimwa ili sumaku ibaki hai.

Kwa hiyo, katika giza la kukatika umeme, picha hazipigwi, lakini sumaku ya tesla 1.5, iliyo zaidi ya mara 20,000 ya usumaku wa dunia, ingali palepale. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtungi wa oksijeni wa chuma ulivutwa ndani ya mashine ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa akipimwa. Kipo kitufe cha dharura kinachochemsha heliamu na kuitoa nje kwa bomba, lakini hata hicho hakiui sumaku papo hapo, na kuirejesha ni gharama kubwa.

Ndiyo maana barua ya rufaa itaje chuma chochote kilichomo mwilini: betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, kipande cha risasi. Fundi wa kuchomelea, au anayesaga vyuma katika machimbo ya Sekenke, aulizwe kama cheche iliwahi kumwingia jichoni. Akikubali, jicho lichunguzwe kwanza kwa eksirei. Asipoulizwa huenda asiseme, kwa kuwa jicho lilikwisha kupona.