Ubashiri wa Mteule wa Raundi ya Kwanza katika Besiboli ya Marekani: Uchunguzi Kifani wa Houston Astros, 2012

IKISIRI

Makala haya yanaeleza kwa nini ubashiri kuhusu mchezaji ambaye klabu ya Houston Astros ingemteua wa kwanza mwezi Juni 2012 haukutimia. Wabashiri wengi walimtaja Mark Appel, mrusha mpira wa Chuo Kikuu cha Stanford. Klabu ilimteua Carlos Correa, kijana wa miaka 17 kutoka Puerto Rico. Hoja kuu ni kwamba wabashiri walikuwa wakijibu swali la kipaji, yaani nani ni bora kuliko wenzake, ilhali klabu ilikuwa ikijibu swali la bei: ni kundi lipi la wachezaji linaloweza kupatikana kwa fedha zilizowekewa kikomo. Makala yanaonesha vilevile kwamba kikomo hicho kilihamishia kwa wachezaji wenyewe sehemu ya hatari ambayo awali klabu zenyewe ziliweza kuibeba.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya klabu za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani kuteua wachezaji wa ridhaa, waandishi wa michezo na mashabiki huandaa orodha za ubashiri. Orodha hizo huoanisha kila klabu na kijana inayedhaniwa itamchagua katika raundi ya kwanza. Kazi hiyo huonekana kuwa burudani tu. Hata hivyo, kwa mtafiti, orodha hizo ni ushahidi wa namna wabashiri wanavyouelewa mfumo wenyewe. Ubashiri unapokosea kwa pamoja, huenda kasoro haiko katika taarifa kuhusu wachezaji, bali katika dhana iliyotangulia taarifa hizo.

Uteuzi wa mwaka 2012 unafaa kuchunguzwa kwa sababu ulikuwa wa kwanza kufanyika chini ya kanuni mpya za fedha. Wachezaji walikuwa wamechunguzwa kwa miaka mingi kwa vigezo vilevile, lakini masharti ya kuwalipa yalikuwa yamebadilika. Kwa hiyo, kisa hiki kinaruhusu kutenganisha athari ya kipaji na athari ya kanuni.

2.0 Misingi ya Uteuzi

Uteuzi wa wachezaji wa ridhaa ulianza mwaka 1965, na mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa alikuwa Rick Monday wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, aliyechukuliwa na Kansas City Athletics. Mwaka 2012, mpangilio wake ulikuwa rahisi: klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo iliyotangulia kuchagua. Houston Astros ilikuwa imepoteza mechi 106 mwaka 2011, ikawa na haki ya kuteua kabla ya klabu nyingine zote.

Mambo matatu yanahitaji kufafanuliwa. Kwanza, wanaostahili kuteuliwa ni pamoja na wahitimu wa shule za sekondari na wanafunzi wa vyuo vya miaka minne waliomaliza mwaka wa tatu au kufikisha umri wa miaka 21. Wachezaji wa Puerto Rico wamo katika mfumo huu, ilhali vijana wa Jamhuri ya Dominika husajiliwa nje yake. Pili, klabu inayomteua mchezaji hupata haki ya pekee ya kuzungumza naye. Kinyume na soka, ambako kijana asiye na mkataba anaweza kusikiliza ofa za klabu kadhaa, mteule wa besiboli ana mnunuzi mmoja tu. Silaha yake ni kukataa: kwenda chuoni, au kurudi chuoni, na kusubiri uteuzi mwingine. Tatu, klabu haikuwa na ruhusa ya kuuza nafasi yake ya raundi ya kwanza kwa klabu nyingine. Klabu iliyoona bei ya mchezaji bora ni kubwa mno ilikuwa na njia moja tu, nayo ni kumteua mwingine.

3.0 Kanuni za Fedha za Mwaka 2012

Kabla ya mwaka 2012, ofisi ya ligi ilipendekeza kiasi cha bonasi ya kusaini kwa kila nafasi, lakini klabu ziliweza kupuuza mapendekezo hayo. Mfano ulio wazi ni wa Pittsburgh Pirates mwaka 2011. Klabu hiyo ilimlipa mteule wa kwanza, Gerrit Cole, bonasi ya dola milioni 8. Kisha ikamlipa Josh Bell, mteule wake wa raundi ya pili, dola milioni 5, ingawa kijana huyo alikuwa amezitangazia klabu kwamba angekwenda Chuo Kikuu cha Texas. Fedha zilibadilisha uamuzi wake.

Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji, uliofikiwa Novemba 2011, ulifunga mlango huo. Kila nafasi katika raundi 10 za kwanza ilipewa thamani elekezi, na jumla ya thamani za nafasi zote za klabu ikawa mfuko wake wa bonasi. Klabu iliyozidisha mfuko kwa asilimia isiyozidi 5 ilitozwa kodi ya asilimia 75 ya ziada hiyo. Iliyovuka asilimia 5 ilipoteza pia haki ya kuteua katika raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, na adhabu iliendelea kuwa kali kadiri ziada ilivyokua.

Ndani ya mfuko, hata hivyo, klabu ilikuwa huru. Iliweza kumlipa mteule wa kwanza chini ya thamani ya nafasi yake, kisha ikahamishia baki kwa mteule wa baadaye. Kipengele hiki ndicho kiini cha makala haya, kwa kuwa kiligeuza nafasi ya kwanza kuwa vitu viwili kwa wakati mmoja: haki ya kumchagua mchezaji yeyote, na akiba ya fedha.

4.0 Ubashiri na Uamuzi

Majina mawili yalitawala mjadala kabla ya tarehe 4 Juni 2012. Appel alikuwa mrusha mpira mwenye kasi, aliyekomaa chuoni, na aliyedhaniwa kuwa karibu kufika ligi kuu. Byron Buxton, mlinzi wa uwanja wa nje kutoka sekondari moja ya jimbo la Georgia, alisifiwa na wasaka vipaji kwa mbio na wepesi wake. Correa, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu kutoka Akademia ya Besiboli ya Puerto Rico iliyoko Gurabo, alitajwa miongoni mwa wachezaji bora, lakini wachache walimweka katika nafasi ya kwanza.

Astros, chini ya meneja mkuu Jeff Luhnow aliyeteuliwa Desemba 2011, ilimchagua Correa, na akawa mchezaji wa kwanza kutoka Puerto Rico kuongoza orodha ya uteuzi. Buxton alichukuliwa wa pili na Minnesota Twins. Appel aliteremka hadi nafasi ya 8, akateuliwa na Pittsburgh Pirates.

Hesabu inaeleza kilichofichika. Thamani elekezi ya nafasi ya kwanza ilikuwa dola milioni 7.2, lakini Correa alisaini kwa dola milioni 4.8. Buxton, aliyeteuliwa baada yake, alipata dola milioni 6. Kwa maneno mengine, mteule wa kwanza alilipwa kidogo kuliko wa pili. Astros ilibakiwa na dola milioni 2.4 za kutumia kwingineko.

Fedha hizo zilionekana tena katika nafasi ya 41, ambako klabu ilimteua Lance McCullers Jr., mrusha mpira wa sekondari aliyekuwa ameteremka kwa sababu ya bei aliyotarajiwa kudai. Alilipwa dola milioni 2.5, takribani mara mbili ya thamani ya nafasi hiyo. Katika raundi ya nne, Rio Ruiz alilipwa dola milioni 1.85 mahali ambapo thamani elekezi ilikuwa karibu dola 360,000. Ziada ya wawili hawa ni takribani dola milioni 2.7, na sehemu yake kubwa ililingana na kilichookolewa kwa Correa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Astros ilimchagua Correa badala ya Appel. Ilichagua kundi la Correa, McCullers na Ruiz badala ya kundi ambalo lingeongozwa na mchezaji wa bei ya juu zaidi.

5.0 Nani Alibeba Hatari?

Kisa cha Appel kinaonesha upande wa pili wa kanuni hizi. Thamani ya nafasi ya 8 ilikuwa dola milioni 2.9. Pirates ilimwahidi dola milioni 3.8, kiasi kilichokaribia ukomo wa uwezo wake bila kupoteza uteuzi wa mwaka uliofuata. Klabu ileile iliyomshawishi Bell kwa dola milioni 5 mwaka mmoja kabla, sasa haikuweza kuongeza bila kuadhibiwa. Appel alikataa, akarudi Stanford kwa mwaka wa nne.

Hasara iligawanyika bila usawa. Kwa kushindwa kumsaini, Pirates ilifidiwa nafasi ya 9 mwaka 2013, ambayo iliitumia kumteua Austin Meadows. Appel hakuwa na fidia yoyote. Kama bega au kiwiko chake kingeumia katika msimu wa chuo, ofa ya dola milioni 3.8 isingerudi. Hakuumia, na mwaka 2013 Astros, ikiwa tena na nafasi ya kwanza, ilimteua na kumlipa dola milioni 6.35. Safari hiyo ubashiri kwamba angeongoza orodha ungekuwa umechelewa mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo mmoja ulikuwa kamari ya mwanafunzi, si ya klabu.

Correa naye alikubali kiasi kilicho chini ya thamani ya nafasi yake. Kwa familia ya kijana wa miaka 17, dola milioni 4.8 za uhakika ni jambo zito, na huenda asingepata kiasi hicho kama angeshuka nafasi chache. Hata hivyo, dola milioni 2.4 zilizohamishiwa kwa wateule wengine zilitokana na udhaifu wa nafasi yake katika majadiliano, wala si udhaifu wa kipaji chake.

6.0 Tahadhari ya Kimbinu

Kuna kishawishi cha kupima ubashiri kwa matokeo ya baadaye. Correa alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Amerika mwaka 2015. Appel hakufika ligi kuu hadi Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 30, tena kwa klabu ya Philadelphia Phillies. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba Astros iliona kile ambacho wabashiri hawakukiona.

Hitimisho hilo halina msingi imara. Klabu hiyohiyo ilimteua Appel wa kwanza mwaka uliofuata. Kama ingekuwa imeona mapungufu yake mwaka 2012, isingemlipa mamilioni mwaka 2013. Aidha, katika raundi hiyohiyo ya mwaka 2012, Corey Seager alichukuliwa na Los Angeles Dodgers katika nafasi ya 18, kisha akawa mchezaji bora wa fainali za mwaka 2020 na 2023. Klabu zote zilizotangulia, Astros ikiwemo, zilimpita. Hata ubingwa wa Astros wa mwaka 2017, ambao Correa na McCullers walishiriki kuuleta, hauwezi kutumiwa kama uthibitisho safi, kwa kuwa uchunguzi wa ligi ulibaini Januari 2020 kwamba timu hiyo ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani katika msimu huo.

Kipimo kinachofaa ni kile kinachotumia taarifa zilizokuwapo siku ya uteuzi. Kwa kipimo hicho, ubashiri hufaulu pale ambapo pengo la kipaji ni kubwa kuliko pengo la bei. Mwaka 2009 na 2010, Stephen Strasburg na Bryce Harper waliwazidi wenzao kwa kiwango ambacho Washington Nationals haikuwa na sababu ya kutafuta mwingine, na wabashiri hawakukosea. Mwaka 2012 hapakuwa na mchezaji wa aina hiyo. Wachezaji kadhaa walikaribiana kwa ubora, hivyo tofauti ya bei ikaamua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kosa la ubashiri wa mwaka 2012 lilikuwa katika swali lililoulizwa. Anayetaka kukadiria mteule wa raundi ya kwanza hana budi kuuliza mambo matatu: wachezaji wa juu wanakaribiana kiasi gani, kila mmoja atakubali kiasi gani, na klabu ina nafasi zipi zinazofuata za kutumia kitakachobaki. Orodha inayotaja jina moja kwa kila nafasi hulificha swali la tatu, kwa sababu huchukulia kila uteuzi kuwa tukio linalojitegemea.

Zaidi ya hayo, mjadala unaohusu kipaji peke yake hulifunika suala la haki. Kijana anayeonekana kuporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 8 hudhaniwa kuwa na kasoro. Kwa Appel, kilichoporomoka siku ile hakikuwa uwezo wake wa kurusha mpira, bali idadi ya klabu zilizoweza kulipa alichoamini anastahili bila kuvunja kikomo ambacho yeye, akiwa mwanafunzi asiye mwanachama wa chama cha wachezaji, hakupata kukipigia kura.