Harusi Iliyoandikwa kwa Rangi

Dada yangu aliolewa mwaka 2008, na sherehe nzima ikawekwa kwenye DVD moja. Kwa miaka mingi diski hiyo ilikaa juu ya kabati la sebuleni, haina hata jalada, mahali jua la jioni linapopiga kila siku. Juzi watoto wake walitaka kumwona mama yao akiwa bibi harusi, tukaitia kwenye deki. Picha ilianza vizuri. Karibu na mwisho, marehemu bibi yetu alipoinuka kumtunza mjukuu wake, ikaganda, ikavunjika vijiraba vijiraba, kisha deki ikaitema diski.

Tulidhani deki ni mbovu, kumbe sayansi imeshaeleza zamani kinachotokea.

Diski tupu ya kurekodia si sawa na diski ya filamu inayotoka kiwandani. Ile ya filamu hugandamizwa kwa kalibu, na vishimo vyake vimo ndani ya plastiki yenyewe. Ya kurekodia ina tabaka jembamba la rangi, na nyuma ya rangi kuna utando wa chuma unaong'aa kama kioo. Igeuze uitazame: ule uzambarau unaouona ndio wino wa harusi yako. Leza ya kuandikia huiunguza rangi hiyo na kuacha alama ambazo iliyo fupi kabisa haifikii hata nusu ya elfu moja ya milimita. Leza ya kusomea, iliyo hafifu zaidi, hupita baadaye ikitofautisha palipoungua na pasipoungua.

Lakini rangi ni rangi. Aliyewahi kusahau khanga kambani kwa siku kadhaa anajua jua linavyoipausha. Rangi ya diski nayo hudhoofishwa na mwanga na joto, na unyevu nao huushambulia utando wa chuma. Mara nyingi ukingo wa nje ndio unaotangulia kuumia. Kwa kuwa DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kinachopotea kwanza huwa ni mwisho wa sherehe.

Haya yalijulikanaje? Hakuna mtafiti anayeweza kukaa miaka 50 akisubiri diski izeeke. Basi watafiti huharakisha uzee wa diski: huziweka kwenye tanuri zenye joto la nyuzi 80 hivi na unyevu mkali, nyingine huzianika chini ya taa kali, kisha kila baada ya muda huzitoa na kuhesabu makosa ya usomaji. Joto likizidi, mabadiliko ya kikemikali huenda mbio. Kwa kulinganisha viwango kadhaa vya joto, hukadiria diski ingedumu muda gani katika chumba cha kawaida. Majaribio hayo yameonyesha kwamba diski zinazofanana kwa macho hutofautiana sana kwa uimara, kutegemea aina ya rangi na ubora wa utengenezaji. Kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa miaka 100, kumbuka kwamba hayo ni makadirio, wala hakuna aliyeishi nayo kuthibitisha.

Jambo jingine walilolithibitisha watafiti ni la kututahadharisha. Kila diski hubeba tarakimu za ziada za kusahihisha makosa, kama barua iliyolowa ambayo bado unaielewa ingawa herufi mbili tatu zimefutika. Makosa huongezeka kimyakimya, picha ikiendelea kuwa safi, mpaka siku yanapozidi uwezo wa kusahihishwa. Picha safi leo si ushahidi kwamba diski ni nzima.

Maarifa haya yanatuhusu sana sisi wa Pwani, ambako joto na unyevu havitupi nafasi. Wataalamu hupendekeza joto lisilozidi nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 40 hivi, hali ambayo nyumba zetu nyingi hazina. Hata hivyo, giza halina gharama. Mkulima anayeishi chini ya bati asiweke diski juu karibu na paa. Azisimamishe ndani ya majalada yake, kwenye kabati lililo upande wa ukuta usiopigwa jua. Mvuvi ambaye nyumba yake hupulizwa na upepo wa chumvi azitie kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Unaponunua, kataa diski iliyoanikwa dirishani mwa duka, kwa sababu rangi huchakaa hata kabla ya kuandikwa. Kwa kumbukumbu chagua zile za kuandika mara moja, yaani R. Za RW ni za kufuta na kurudia, hazifai kutunzia. Mwambie fundi asichome kwa kasi ya juu kabisa, aifunge diski (finalize) akimaliza, kisha muijaribu kwenye deki nyingine kabla hujalipa.

Kuandika jina nako kuna adabu yake. Kwenye CD, rangi na chuma viko chini kidogo tu ya upande wa maandishi, na ncha ya kalamu ya biki inaweza kuvichubua. DVD imejikinga zaidi, kwa kuwa tabaka lake liko katikati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja. Stika ziepuke kwenye zote: huivuruga diski inapozunguka, na gundi huachia kwa joto. Tumia kalamu yenye ncha laini ya wino wa maji, na mahali salama zaidi ni ile pete angavu ya katikati. Mama asiandike "Harusi" tu. Aandike tarehe, mahali na namba ya nakala. Mwanafunzi anayetunza mazoezi na picha za shule afanye vivyo hivyo.

Hata hivyo diski moja haitoshi, na deki zenyewe zinazidi kuadimika. Weka nakala nyingine kwenye flashi au kompyuta, na nyingine katika nyumba tofauti, uzikague kila mwaka.

Shangazi alikuwa na nakala ya harusi ileile, iliyochomwa siku ileile. Aliiweka ndani ya sanduku la mbao, katikati ya vitenge. Diski mbili haziwezi kuthibitisha sayansi, lakini ile ya shangazi ilicheza mpaka mwisho. Bibi aliinuka, akacheza hatua tatu, akamtunza mjukuu wake. Usiku uleule nilitoa nakala mbili, na kwenye pete ya katikati nikaandika tarehe na jina la bibi.