Aliyekimbia ukeketaji apewe pia jembe

Msimu wa ukeketaji katika koo nyingi za Wakurya wa Tarime na Serengeti hufika Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hupamba moto zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Katika kata ya Machochwe, inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, huo ndio wakati ambao binti wa miaka 12 au 14 hulazimika kuamua jambo lililo zito kuliko umri wake: abaki nyumbani akatwe, au atoroke. Wanaotoroka hukimbilia kwa shangazi, kwa mwalimu, kanisani, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwenye nyumba salama.

Sheria haiwaiti wakimbizi, kwa kuwa hawajavuka mpaka wa nchi. Hata hivyo wameacha nyumba, nguo na ndugu kwa hofu ya mwili wao, na wanaishi kwa hisani ya waliowapokea. Swali la nani awafiche limepata majibu mazuri mkoani Mara. Swali la watakula nini na watafanya kazi gani baada ya msimu kupita bado halijapewa uzito unaostahili.

Nyumba salama zimefanya kazi kubwa. Tarime kipo kituo cha Masanga. Mjini Mugumu na wilayani Butiama zipo nyumba za shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, mama wa Kikurya ambaye mwenyewe alikeketwa na nusura apoteze maisha. Mabinti hupata malazi, chakula, masomo na ufundi kama ushonaji. Msimu ukiisha, wahudumu, polisi na maofisa ustawi wa jamii huzungumza na wazazi, na wengi wa mabinti hurejea nyumbani baada ya wazazi kuahidi kwa maandishi kwamba hawatawakeketa. Ambao wazazi wao wamegoma hubaki.

Kwa nini wazazi wagome, na ilhali Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inatoa kifungo cha kati ya miaka 5 na 15 kwa anayemkeketesha mtoto aliye chini ya miaka 18? Mila ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni ng'ombe. Binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na mahari yake hulipwa kwa ng'ombe. Ngariba hulipwa kwa kila binti, na wazee wa mila hupata fungu lao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imeruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, kifungu ambacho Mahakama ya Rufani ilikithibitisha mwaka 2019 kuwa kinakiuka Katiba.

Tuiangalie kaya ya Machochwe kwa macho ya mfukoni. Shamba la mahindi au mtama liko jirani na hifadhi. Tembo wakiingia usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwisha. Kifuta jasho kinacholipwa na serikali ni mkono wa pole, hakilingani na hasara. Katika kaya kama hiyo, ng'ombe wa mahari ya binti huwa ndiyo akiba pekee inayoonekana. Hilo haliuhalalishi ukatili hata kidogo. Linaeleza tu kwa nini ahadi ya maandishi, peke yake, inaweza kuvunjika mwaka wa njaa.

Hapa ndipo Mara inapaswa kuazima uzoefu wa nchi nzima. Wakimbizi wa Burundi waliokuja kufuatia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakapewa ardhi. Walilima mahindi, maharage na tumbaku hadi wakajitegemea, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walianza kupewa vyeti vya uraia. Linganisha na kambi za Kigoma, ambako mkimbizi haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali, na ambako masoko ya pamoja yaliyowakutanisha wakimbizi na wanavijiji yalifungwa. Wafadhili walipopunguza fedha mwaka 2023, mgawo wa chakula ulishuka hadi nusu ya mahitaji, na watu waliozuiwa kufanya kazi hawakuwa na pa kushika.

Kagera inatufundisha kuhusu wenyeji. Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja. Wachumi waliochunguza kaya za mkoa huo kwa miaka iliyofuata walikuta kwamba wakulima wengi wenye mazao ya kuuza walinufaika, kwa sababu soko liliongezeka, huku vibarua wa mashambani wakiumia kwa kugombania ujira na wageni. Ujio wa wageni ulimpa mwenyeji mmoja na kumnyang'anya mwingine, na aliyenyang'anywa alikuwa yule ambaye tayari alikuwa hana kitu.

Mafunzo hayo mawili yanaihusu Machochwe moja kwa moja. La kwanza: kimbilio lisilo na kazi hudumu kadiri mfadhili anavyodumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba salama ndiyo siku mbili hizo. La pili: anayempokea naye ana tumbo. Shangazi aliyemficha binti Desemba atahitaji sare, madaftari na unga Januari, na mara nyingi ni mjane au mkulima mdogo asiyepewa chochote.

Vyombo vya kufanyia kazi hii vipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Binti wa miaka 15 hawezi kukopa, lakini shangazi na mama wanaompokea wanaweza kuunda kikundi, wakafuga kuku au mbuzi wa maziwa. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imewaruhusu wanafunzi walioacha masomo kurejea shuleni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Kisangwa kule Bunda, hufundisha ufundi. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika binti mkono kutoka nyumba salama hadi mlango wa chuo, akiwa na nauli na cherehani atakayoondoka nayo akihitimu.

Wazazi waliotimiza ahadi nao watangulizwe kwenye ruzuku ya mbegu na uzio wa kuzuia tembo. Wapo watakaosema huko ni kuwalipa watu kwa kutotenda kosa. Ila tunachotaka ni kaya ambayo inaweza kukataa ng'ombe wa mahari na bado ikala.

Takwimu zinatupa moyo. Kitaifa, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996. Mwaka 2022 walikuwa 8. Mara bado iko kwenye 28. Kushuka kunawezekana, lakini kwetu kumechelewa.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai. Madiwani wa Serengeti na Tarime wanaosubiri Desemba ndipo wakemee ukeketaji jukwaani watakuwa wameshachelewa. Usalama wa binti wa Machochwe unaamuliwa miezi kumi kabla, katika kikao cha bajeti, kwa fungu lenye jina lake na jina la mama aliyempokea.