Uhandisi Uanze Mikononi mwa Mwalimu

Mwambao wa Tanga haukupata kuwa mgeni wa uhandisi. Kabla Wajerumani hawajaanza kutandika reli mjini hapa mwaka 1893, mafundi wa majahazi walikuwa wakilaza mkuku, wakisimamisha mataruma, wakitoboa mbao kwa keekee na kuzikalafati kwa pamba, na mwanagenzi wao aliipata elimu hiyo kwa kushika tezo mbele ya macho ya fundi. Hata shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa, na humo ndimo lilimotoka gazeti la Kiongozi tangu mwaka 1904.

Leo, katika mji huohuo, kijana aweza kuhitimu fizikia pasi na kuunda hata kitu kimoja kifanyacho kazi. Lawama simtupii mwalimu, maana naye alifunzwa vivyo hivyo, na asiyepata kushika koleo huhofu kuulizwa swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Natoa mfano wa somo moja. Mota ndogo iliyong'olewa katika redio kaseti mbovu hutiwa gurudumu lenye makafi yaliyokatwa katika chupa ya plastiki, kisha ikaungwa kwa nyaya na taa ya tochi. Maji yakimiminwa kutoka kimo cha shubiri moja, gurudumu huzunguka kwa uzito na taa haiwaki. Ndoo ikipandishwa juu ya ukuta, makafi huvuma, na nuru ikatoka. Mwanafunzi aliyeyaona hayo hashindwi tena kufahamu kwa nini, katika mto uleule wa Pangani, kituo cha Hale cha mwaka 1964 kina megawati 21, ilhali kile cha New Pangani Falls cha mwaka 1995, kilicho chini yake, kina megawati 68: sababu kubwa ni kimo cha maporomoko.

Jijini Tanga kiko kituo cha STEM Park, kazi ya shirika la Projekt Inspire kwa ushirikiano na halmashauri ya jiji, ambako watoto huyagusa mambo haya kwa mikono yao. Ni hidaya kubwa. Lakini ziara hupita, na mwalimu ndiye abakiaye na watoto mwaka mzima.

Mitaala mipya ya mwaka 2023 imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Basi nawasihi wakuu wa vyuo vya ualimu, na hasa cha Korogwe, ambacho Hale ni jirani yake, wampe kila mwanachuo bisibisi, koleo na vyuma chakavu, wamwache aunde na kukosea na kuunda tena, kabla hawajamtuma darasani.