Kofia ya mtoto kabla ya akika: chukua vipimo, chukua malipo ya awali

Oda za kofia za watoto hazingoji. Mtoto akizaliwa Bura, mara nyingi siku ya saba kuna akika: mbuzi anachinjwa, nywele za mtoto zinanyolewa, jina linatangazwa. Siku ya arobaini mama anamaliza mapumziko yake na watu wanakuja kumwona mtoto, na hapo kila shangazi anataka akute amependeza. Kwa hiyo simu ya fundi wa kroshia inalia kwa fujo ndani ya wiki chache, halafu kimya.

Makala hii ni ya huyo fundi. Tutaanza na kofia yenyewe, maana malipo mengi yanayoleta ugomvi yanaanzia kwenye kofia isiyotosha.

Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Akifika siku ya arobaini, kimefika kama 37 au 38. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho lakini kwa uzi ni kubwa, kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni moja: ni ya akika au ya arobaini? Usikubali jibu la “mtoto tu, wa kawaida.” Akiwa na kamba au mtandio, azungushe kichwani juu kidogo ya nyusi na masikio, kisha apime urefu wake kwa rula.

Unaanza na duara: mishono mifupi 6, raundi ya pili 12, ya tatu 18, unaongeza 6 kila raundi ili utosi ukae bapa. Wapi pa kuacha kuongeza? Toa sentimita 2 kwenye mzunguko wa kichwa, gawanya kwa 3.14. Kwa kichwa cha 35, yaani 33, duara lako liwe na upana wa sentimita 10 na nusu. Kwa 38, kama 11 na nusu. Kutoka hapo unashuka bila kuongeza hadi kofia ifike kimo cha sentimita 13 hivi kwa mtoto mchanga. Uzi wa pamba hauvutiki kama sufu, basi usiibane zaidi ya hapo.

Na kwa joto la Bura, pamba ndiyo uzi wake. Sufu iachie watu wa Nyahururu. (Inachekesha kidogo: ng'ambo ya Tana, kwenye ile Bura nyingine, skimu ya umwagiliaji ilipoanza kulimwa miaka ya 1980 zao lake kuu lilikuwa pamba. Leo donge la uzi wa pamba linafuatwa Garissa au Nairobi.)

Mapambo ndiyo yanayouza kofia, na ndiyo yenye hatari. Kichwa kimetoka kunyolewa, hakuna nywele za kukinga ngozi, kwa hiyo mafundo yote na miisho ya uzi ikae upande wa nje, chini ya ua. Shanga na vifungo acha kabisa. Kikichomoka kimoja kinaingia mdomoni. Ua la kroshia lililoshonwa kuzunguka ukingo wote linatosha, na ribboni isiwe ndefu ya kufika shingoni. Mwambie mama pia kwamba kofia ni ya wageni na picha. Mtoto akilala, ivuliwe.

Sasa pesa.

Tuseme donge la uzi ni shilingi 160 na linatoa kofia mbili: 80 kwa kila moja. Uzi wa rangi na ribboni 40. Gharama ya mzigo, ukiigawanya, 20. Kabla hujashika kulabu umeshatoa 140 mfukoni. Ukiuza 450, kazi yako imekulipa 310. Mteja asipotokea, hujakosa faida tu, mtaji wa kofia inayofuata nao umekwama.

Ndiyo maana tunasema malipo ya awali yafunike vifaa, angalau: hapa 150 au 200, yaingie kwenye till au pochi yako ya biashara kabla hujaanza. Kofia tupu ikikataliwa, utamuuzia mwingine. Yenye jina la mtoto hakuna wa kuinunua, hiyo omba ilipwe yote. Na kwa sababu jina huenda likajulikana siku ya saba yenyewe, acha nafasi mbele ya kofia, ukatarizi mwishoni.

Wapo wanaoona aibu kumdai jirani pesa kabla ya kazi. Wengine wanauliza kama inafaa kidini. Swali hilo mpelekee sheikh wako, sisi si wa kutoa fatwa. Lakini fikihi ina mlango mzima wa kutengenezewa kitu kwa oda, istisnaa, na sharti lake ni sifa za kitu na bei vijulikane tangu mwanzo. SMS moja inafanya hivyo: “Kofia nyeupe ya arobaini, kichwa sm 38, ua la pinki, bei 450, umelipa 200, itakuwa tayari Alhamisi.” Iandike hata kama mteja ni dada yako. Afadhali hiyo kuliko kukopa kwenye simu kununua uzi, ulipe gharama ya mkopo kwa kofia ya mtu mwingine.

Uzi wa akiba kidogo pia uwe nao. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili 2024 yalikata barabara ya Garissa na Nairobi, na akika hazikungoja maji yapungue.

Siku ya kuchukua ndiyo siku ya ulaghai. Mtu anakuja na haraka zake: “Abaayo, nimetuma, angalia hii,” anakuonyesha SMS kwenye simu yake. Usiangalie simu yake. Angalia yako, na usitosheke na ujumbe. Fungua menyu uone salio limepanda. Ujumbe wa uongo unaandikwa kwa dakika moja, salio huwezi kuliandika.

Mwingine analipa kweli, anaondoka na kofia, kisha anadai alikosea namba na pesa irudishwe. Hapo ile SMS ya oda ndiyo shahidi wako. Piga huduma kwa wateja mara moja, eleza, taja muamala. Na mtu akikupigia akisema “nimetuma kimakosa, nirudishie,” usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aombe kupitia huduma kwa wateja. PIN yako usimpe mtu yeyote kwa lolote kati ya haya, hata anayepiga akijitambulisha kwa jina letu.

Kofia ikisafiri kwenda Masalani au Garissa mjini, salio la malipo liingie kabla mzigo haujapanda gari. Dereva mpe bahasha yenye jina na namba ya mpokeaji, na nauli ya mzigo mpokeaji amlipe dereva mwenyewe.