Mkia, Taya na Kidole Gumba

Katika kata ya Mchafukoge jijini Dar es Salaam na Mtaa wa Kisutu ulio jirani yake, ambako familia zenye asili ya Gujarat zimefanya biashara kwa vizazi kadhaa na mahekalu ya Kihindu yamekaribiana, Hanuman, shujaa wa utenzi wa Ramayana mwenye umbo la kima, anajulikana tangu zamani. Jina lake limetokana na neno la Kisanskriti hanu, yaani taya, kwani inasimuliwa kwamba utotoni alilirukia jua akidhani ni tunda lililoiva, na mungu Indra akampiga kwa radi akamvunja taya.

Mnyama anayenasibishwa naye huko India, hata hivyo, ameitwa kwa mkia. Huyo ni languri, kima wa manyoya ya kijivu na uso mweusi, ambaye jina lake la Kihindi, langur, limetokana na neno la Kisanskriti langulin, yaani mwenye mkia. Nalo linamstahili, maana mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili na huweza kukaribia mita moja. Masimulizi nayo yanaushika mkia huohuo: Hanuman alipotiwa moto mkiani huko Lanka aliuteketeza mji kwa moto huo, na weusi wa uso na mikono ya languri husemwa kuwa ni alama ya kuungua alipokuwa akiuzima.

Wataalamu wa Ulaya walikuja na majina yao. Mwaka 1797 Dufresne alimwita entellus, jina la bondia mzee katika utenzi wa Virgil uitwao Aeneid, ambalo halimwelezi mnyama kwa lolote. Afadhali Desmarest, ambaye mwaka 1822 aliiita jenasi yake, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, Semnopithecus, kwa Kigiriki kima mtukufu, akizingatia walau heshima anayopewa na watu wanaoishi naye.

Languri ana ndugu Tanzania. Mbega wa Udzungwa na Usambara, pamoja na kima punju wa Jozani, Unguja, wamo naye katika kundi la Colobinae, la kima wenye tumbo la vyumba kadhaa ambamo bakteria huchachusha majani magumu. Jina la kundi limetoka katika neno la Kigiriki kolobos, yaani kilichokatwa, kwa kuwa kidole gumba cha mbega kimebaki kinundu tu. Languri bado anacho kidole hicho, ingawa ni kifupi.